Maji ya hitma yamemwagwa Temeke

Nimeyaona kwa macho yangu leo asubuhi.

Bi Mwanaidi alichota mitungi mitatu tangu alfajiri, maji ya kupikia pilau ya hitma ya marehemu mumewe.

Bwana Afya, mkaguzi wa majumba, akaona viluwiluwi wa mbu kwenye mtungi mmoja.

Akaipindua yote mitatu.

"Mwanangu, wageni wangu nitawapikia nini?"

"Sheria, mama. Mbu huzaliwa humo."

Bibi hakubishana. Akamwongoza hadi nyuma ya ofisi ya Bwana Afya mwenyewe, chini ya bendera ya Mwingereza, majirani tukifuata. Akafunua pipa la maji ya mvua.

Viluwiluwi tele!

"Na hawa je?"

"Pipa hilo la serikali," akasema Bwana Afya, akalifunika.

Hitma imesomwa. Wageni wamekula mihogo ya kuchoma.

Pipa halijamwagwa.

Hebu niambieni nyie, mbu wa serikali hawaumi?