Diski Niliyosema Imekufa

Kompyuta yangu ya kubebeka ilikuwa mzee tangu siku shule iliponipa. Kitufe kimoja kilikuwa kimeng'oka, na betri haikuwa na kazi tena zaidi ya kuongeza uzito. Sikuilalamikia, kwa sababu ndani yake nilikuwa na sauti ya baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa mlimani, Masisi. Vita vilipotusukuma hadi kambini Kashuga, kifua chake kilimwambia kwamba hatarudi nyumbani. Basi akaniomba nimrekodi kwa simu akitaja mipaka ya shamba letu. Karatasi ya shamba hatukuwahi kuwa nayo. Karatasi yetu ilikuwa neno la mzee mbele ya majirani, na majirani walikuwa wametawanyika. Akaanza: mnyaa uliopandwa na babu, jiwe lenye mgongo. Akakohoa kidogo, akaendelea mpaka mwisho. Alifariki kabla ya mvua kuisha. Simu nilinyang'anywa na wenye bunduki kwenye kizuizi, lakini rekodi nilikuwa nimeshaihamishia kwenye kompyuta. Niliisikiliza mara nyingi, nikifuata sauti tu. Maneno sikuyashika kichwani. Niyashike ya nini, na mashine imeyashika?

Siku moja mashine ikaanza kugongagonga ndani. Nikaipeleka kwa fundi wa simu, mkimbizi kutoka Buleusa aliyefanya kazi kando ya barabara na paneli yake ya jua. Akaweka sikio.

"Dada, disque yako iko nalia. Usiiwashe tena. Utafute ingine mupya, nitajaribu kuhamisha mambo yote mbele hii ikufe kabisa."

Nikadhani diski ni diski. Kumbe! Ya kwangu ilikuwa na sindano za kuichomeka kwenye mashine, safu mbili, na siku hizo wengi walikuwa wanauza zenye meno bapa. Tena isiwe nene, la sivyo isingeingia. Ile aina isiyozunguka ndani ingestahimili barabara zetu, lakini yenye sindano fundi hakuwahi kuiona ikifika huku. Mimi nikataka yenye nafasi kubwa kabisa, maana tamaa haikimbii vita. Akakataa.

"Mashine yako ni muzee. Ukimupatia chakula mingi atatapika."

Akaandika kila kitu kwenye karatasi, namba na vipimo. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu hakuna anayeagiza kipuri kwa karatasi. Mnyororo wa pikipiki, beringi ya kinu, kioo cha taa, unatuma kile cha zamani ili muuzaji akishike mkononi. Kwaya yetu iliwahi kutuma karatasi kwa ajili ya waya wa kinanda, ikaletewa waya wa pasi. Basi nikaing'oa diski, nikaifunga kwenye kipande cha kitenge, nikampelekea mfanyabiashara mmoja wa Butembo mwenye duka pale Kashuga, anitafutie mfano wake mjini. Alikuwa mtu wa misa asiyekosa, na lori lake ndilo lililotuletea sabuni na chumvi.

"Mama mwalimu, hii iko na nini ndani?" akauliza.

Dukani walikuwemo watu watatu, na wawili sikuwajua. Miaka ile, kutamka mipaka ya shamba mbele ya watu usiowajua kulikuwa sawa na kumwonyesha mwizi mlango. Tena kwenye vizuizi wangempekua.

"Hamuna kitu, Papa. Imekufa. Waangalie tu sindano zake."

Lori likaondoka, na baada ya siku mbili barabara ikafungwa kwa mapigano. Mwezi mzima sikuwa na la kufanya. Nilifundisha, nilipika, niligombana na mama yangu kwa sababu ya kuni. Nilimkasirikia kila mtu, hata Mungu, kana kwamba ndiye aliyeagizwa.

Mfanyabiashara alirudi akiwa amekonda, akiwa na furaha. Alikuwa amezunguka maduka matano. Moja lilikuwa na nene tu, mengine matatu yalikuwa na zenye meno bapa. La mwisho lilikuwa na moja tu, na ndiyo hii. Nikaigeuza mkononi: nyembamba, sindano zote zimesimama. Alichagua vizuri kuliko ambavyo ningechagua mwenyewe.

"Na ile ya zamani, Papa?"

"Ile? Niliwaachia. Mwenye duka alikatala kutoa mupya bila kupewa ya kufa, anavunja, anabeba vyuma. Ni kama chupa ya bia, Mama mwalimu. Unarudisha tupu, unabeba ya kujaa."

Akacheka. Nami nikacheka naye, maana sikujua la kufanya na uso wangu. Kisha nikamwambia kilichokuwa ndani yake. Akakaa juu ya katoni ya sabuni, akavua kofia.

"Sasa kwa nini haukuniambia?"

Mficha uchi hazai, niliwafundisha watoto wa watu methali hiyo ubaoni. Akapiga simu palepale. Mwenye duka akajibu kwamba alishaibomoa. Alitaka sumaku zake.

Fundi aliifunga ile mpya siku hiyohiyo. Ikaingia sawasawa, akaiwekea programu. Akatabasamu, kwa kuwa hakujua kwamba ya zamani imevunjwa.

"Nafasi yote iko wazi, dada. Tuweke nini?"

Nikamwomba afungue sehemu ya kurekodi, aniachie dakika chache. Mama, niliyekuja naye, akasema yeye alijua tu pale alipolimia maharage. Mipaka ilikuwa kazi ya baba. Nikasogeza mdomo karibu na mashine. Nikataja mnyaa wa babu. Nikataja jiwe lenye mgongo. Baada ya jiwe baba hukohoa. Kikohozi nilikikumbuka vizuri, urefu wake na pumzi iliyofuata. Baada ya hapo sikukumbuka neno.