Kamba Niliyompa Mama Furaha

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, hapa hapa Birmingham, nikiwa na miaka ishirini na saba na ulimi uliotangulia akili. Mwanangu, jana uliponipigia simu kuuliza michezo gani itafaa kwa ile sherehe yenu ya kabla ya mechi, ukasema, "Shangazi, nataka kila mtu aenjoy, sitaki watu wakae tu kwa viti wakikula," nilicheka, nikakwambia nitakuandikia. Sikutaka kulijibu swali hilo kwa haraka. Maneno yako yalikuwa maneno yangu mimi, neno kwa neno, miaka ile.

Wakati huo mjomba wako, mume wangu, alikuwa akicheza mpira na timu ya mtaa wetu wa Hodge Hill. Wachezaji walikuwa mchanganyiko: sisi Wasomali tuliokulia Kenya, Wakongo, Watanzania wawili watatu. Kila msimu ukiisha kulikuwa na mechi moja kubwa dhidi ya timu ya upande wa pili wa jiji, na familia zote zilikuja mapema. Tuliegesha magari kwa safu kando ya uwanja, tukafungua mabuti, na kila buti likawa meza. Hapa sambusa, pale kuku wa kuchoma, kule sombe, kisamvu cha Wakongo, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa taulo isipoe. Watu walikula na kupiga soga mpaka mechi ianze.

Mwaka ule nilipewa kazi ya kuchagua michezo. Niliipokea kama mtu aliyepewa uwaziri. Nilichagua mbio za magunia, mbio za kubebana mgongoni, na mwisho, ule niliousubiri kwa hamu, kuvuta kamba: wanawake wetu dhidi ya wanawake wa timu ile nyingine. Mwaka uliotangulia walikuwa wametucheka baada ya waume zetu kufungwa. Nilitaka kuwanyamazisha. Sikumuuliza mtu hata mmoja kama anaupenda mchezo huo. Niliona mwenye kuulizwa ni mgonjwa, mzima huvuta tu.

Basi katika wageni wa siku ile alikuwamo Mama Furaha. Alikuwa ametoka Bukavu, Kongo, kupitia kambi ya wakimbizi, ana miezi michache Birmingham, yeye na watoto wake watatu. Alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake aliiweka sebuleni, na wanawake walikuwa wameanza kumpelekea vitenge kwa sababu mkono wake haukuwa na mfano. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mabega. Mimi nilipomwona sikumwona fundi. Niliona uzito wa kuweka mwisho wa kamba.

"Mama Furaha, wewe utakuwa nanga yetu!" nikamwambia.

Alitabasamu, akarudi nyuma hatua moja. "Dada Halima, miye niache kidogo. Mikono yangu njo inalisha batoto."

Yaani mikono yake ndiyo iliyolisha watoto wake. Alisema polepole, mwanangu, kwa heshima, kama mtu anayeomba nafasi ya kupita. Nami nikamshika kiwiko nikamvuta mbele ya watu. "Aa, usituangushe! Ni mchezo tu!" Wenzangu wakapiga vigelegele, jina lake likaitwa, na yeye akavua viatu akaja.

Kamba yenyewe haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ile ya kuvutia gari lililoharibika, nimeitoa kwenye buti letu, nyembamba na inateleza. Nyasi zilikuwa na umande bado. Ili isimponyoke, Mama Furaha akaizungusha kiganjani mara mbili. Nilimwona. Nikasema vizuri, shika hivyo hivyo.

Raundi ya kwanza tulishinda, na kelele zetu zilifika barabarani. Ya pili, wale wapinzani wetu walijipanga, wakavuta kwa pamoja kwa ghafla. Wanne wetu wa mbele waliteleza, wakaachia. Kamba ikabaki mkononi mwa mtu mmoja tu, yule ambaye hakuweza kuiachia.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kwenye nyasi, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akiutazama tu kama kitu alichookota. Vidole viwili, cha kati na cha pete, vilikuwa vimegeuka upande usio wao.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni, nikadhani ni la watoto.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la Bi Rukia, mama wa Kimombasa aliyekuwa mkubwa wetu sote, mwenye magoti mabovu. Mechi ilianza huku sisi tumekaa kwenye viti vya kungojea. Mama Furaha alipoitwa ndani, nilianza kujitetea. Nikasema kamba ilikuwa mbaya, nyasi zilikuwa na maji, wale wengine walivuta kwa hila. Bi Rukia aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia. Ndipo akaniuliza:

"Halima, leo nimeshinda wapi mimi?"

Nikajaribu kukumbuka nilimwona wapi.

"Ndani ya gari. Tangu saa nne. Nimetazama watu kwa kioo. Katika michezo yako yote hapakuwa na mmoja wa mtu mwenye magoti yangu, wala wa yule msichana mwenye mimba, wala wa fundi. Wewe hukuchagua michezo, mwanangu. Ulichagua washindi."

Nililia. Hakunibembeleza, lakini alinishika mkono, na hakuuachia. Baadaye akasema, "Jumatatu ukitoka kazini nenda kwake. Usimpelekee maua. Kaulize ana kazi gani mezani."

Nilikwenda. Nikakuta vidole vimefungwa plasta, na sebuleni magauni manane ya harusi, ya mabinti wa kumsindikiza bibi harusi, kazi yake imefika nusu. Harusi ilikuwa wiki tatu mbele. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi niliyempuuza alipoogopea mikono yake sikuwa nimelipima neno lake, kwamba familia nzima inategemea mikono hiyo.

Sikujua kushona, mwanangu. Nilijua kushona kifungo, tena kwa shida. Lakini kila alasiri nilitoka kazini nikaenda kwake, naye akakaa pembeni akiniongoza kwa mkono wa kushoto. "Hapa kata. Hapa weka pini. Hapana, dada, hiyo zipu umeiweka juu chini!" Nilifumua zaidi ya nilivyoshona. Siku nyingine tulicheka mpaka Furaha, binti yake mkubwa, akaja kutuuliza kuna nini.

Alasiri moja, nikipiga pasi pindo, nilipata ujasiri wa kumuuliza lililokuwa likinisumbua. "Mama Furaha, mbona hukukataa kabisa? Ungenitukana hata."

Alichomoa pini moja kwenye pindo, akajibu, "Dada, tangu nifike huku, ile siku ndiyo ilikuwa ya kwanza mtu kuita jina langu katikati ya watu. Niliogopa. Nikisema hapana, hamtaniita tena."

Nikaweka pasi chini. Nimesikia maneno mengi makali maishani mwangu, na mengi nimeyasahau. Hayo laini sijayasahau.

Magauni sita tuliyamaliza. Mawili yalikwenda kwa fundi mwingine kule Alum Rock, na wateja wale hawakurudi kwake. Kidole cha kati kilipona. Cha pete hakikukunjika tena sawasawa mpaka leo, ingawa alijifunza kushona nacho hivyo hivyo. Sikufichi, maana kuna watu wanaokuhadithia makosa yao kama kwamba mwisho wake kila kitu kilikuwa sawa. Mimi nilisamehewa, tena kwa moyo mweupe. Kidole kilibaki vile.

Mwaka uliofuata niliombwa tena kuchagua michezo, nikakataa. Mama Furaha ndiye aliyenilazimisha kukubali. Tulikwenda pamoja nyumba kwa nyumba na swali moja tu: wewe ungependa kucheza nini? Kuuliza si ujinga. Bi Rukia akasema atacheza chochote kisichomtaka asimame. Mama Furaha akashona vifuko kwa mabaki ya vitenge, tukavijaza maharagwe makavu. Mjomba wako akatoboa tundu kwenye ubao, akauegemeza kwenye kreti. Ukirusha kifuko kikaingia tunduni, una alama tatu. Kikibaki juu ya ubao, moja. Bi Rukia alirusha akiwa kwenye kiti chake cha kukunja, akawashinda wachezaji mpira wenyewe, na kila alipopata alitutazama kama kwamba tulikuwa tumemdharau kwa miaka. Watoto walicheza rede, wakilengana kwa mpira wa sponji, mbali na majiko. Juu ya buti moja wazee walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, wakabishana kwa lugha tatu. Hakuna aliyebaki ndani ya gari.

Sasa nakuja kwako. Unataka michezo ya kufurahisha, na hilo ni jema. Kicheko ni chakula pia. Lakini usianze na mchezo. Anza na watu watakaokuja. Jiulize nani ana mgongo mbovu, nani amevaa buibui na hataki kukimbia, nani amefunga, nani ni mgeni ambaye bado hajui kutukatalia. Chagua michezo ambayo mtu anaweza kuingia na kutoka bila kuharibu chochote, na ambayo refa akipiga filimbi ya kuanza mechi inaachwa pale pale. Majiko ya makaa yawe upande mmoja na wenye kukimbia upande mwingine, na mpira usipigwe katikati ya magari. Kifaa kiwe cha mchezo huo, si cha kubahatisha. Ukitaka kuwavutisha watu kamba, sikukatazi. Tafuta kamba nene, nyasi kavu, na asiwepo wa kuizungusha mkononi, hata akikucheka.

Na usikilize sauti ndogo. Mwenye kupiga kelele hukataa mwenyewe. Hahitaji msaada wako. Yule anayesema "niache kidogo" huku akitabasamu, huyo amekwisha kukwambia hapana kwa nguvu zote alizo nazo. Mpe kiti kizuri, mpe sahani, mpe kazi ya kuhesabu alama akipenda. Na mwaka ujao mwite tena, kwa jina lake, mbele ya watu.

Mungu akupe siku isiyo na mvua, akupe macho ya kuwaona wote waliokuja, na jioni kila mmoja wao arudi nyumbani mzima, akitamani kualikwa tena. Amin.