Bendera Nyekundu kwenye Barabara ya Bugarama

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo: mtu wa bendera asimame wapi? Kampuni iliyoniajiri nilipotoka chuoni ilikuwa ikiziba mashimo kwenye barabara ya kupanda Bugarama, na malori yalipita katikati ya vibarua bila kupunguza mwendo. Nilitumwa kutafuta dawa ya tatizo hilo. Mtu wa bendera akisimama karibu na vibarua, dereva hamwoni mapema. Akisimama mbali, yuko peke yake, na milima ile haikuwa mahali pa kukaa peke yako.

Asubuhi niliteremka kutoka Gihosha, mtaa wa mjini nilikoishi, hadi mahali magari yalipongojea wanajeshi wa kuyasindikiza. Wakati ule wa vita hakuna aliyepanda bila msafara. Njiani tulipita nyumba zisizo na paa na migomba iliyofyekwa ili mtu asijifiche.

Kwenye kona tuliyokuwa tukiiziba mashimo ukungu ulikuwa haujaondoka. Mimi na Sabimana, kapita aliyesimamia vibarua, tulifanya kama wajenzi wa huku walivyozoea: tulitandaza matawi mabichi juu ya lami, na Deo, mmoja wa vibarua, akasimama hapo na bendera nyekundu.

Kabla ya adhuhuri msafara wa kushuka ulitokea. Lori la kwanza liliona matawi, likapiga honi, likaongeza mwendo. Deo alijirusha mtaroni. Toroli letu likasagwa na magurudumu.

"Deo! Uko muzima?" Sabimana alipaza sauti.

"Niko. Lakini muke wangu aliolewa na mutu wa miguu mbili, mujue!"

Alicheka, akaokota bendera yake. Tuliondoa matawi. Nilimwomba ashike bendera mpaka nilete jibu.

"Mpaka kesho tu, injenyeri."

Alasiri nilirudi mjini na msafara wa mwisho. Dereva wa lori lile, Saidi, nilimkuta Asiatique, mtaa wa maghala, akinywa chai huku mizigo yake ikishushwa.

"Mbona hukupunguza?"

"Matawi mu njia, mutu anapunga kitambaa. We unaona kazi, mi naona ambuskadi, batu ba kutuvamia. Mwenzangu alisimama, wakamuchoma ndani ya kamyo."

"Lakini walivaa ovaroli."

"Hata bale ba porini banavaa ovaroli, mutoto wa masomo."

"Na ukiambiwa mapema?"

"Kila siku naambiwa njia iko salama." Akapuliza chai. "Kesho napanda tena, mi wa mbele. Ingia mu kabini yangu. Ukiona ni batu yako, utaniambia. Ao unaogopa?"

Niliogopa. Lori la kwanza ndilo linalopokea risasi za kwanza. Niliwaza vibao vikubwa zaidi, niliwaza kumwomba bosi atume mtu mwingine. Kila nilichowaza kilimwacha Deo mbele ya dereva asiyeamini macho yake.

Kesho yake nilipanda kando ya Saidi. Tulipokaribia kona, bendera ilitokea ndani ya ukungu, na mguu wa Saidi ukakandamiza pedali ya mafuta.

"Ni batu yako?"

Uso sikuuona. Niliona ovaroli na mkono ulioinuliwa, kitu ambacho yeyote angeweza kuwa nacho. Halafu mtu yule akapiga hatua moja kuelekea mtaroni, kama aliyewahi kujirusha humo, akasita, akarudi mahali pake.

"Ni Deo. Punguza!"

Saidi akapunguza, na malori yote nyuma yetu yakapunguza. Tulipita polepole hata nikasikia Sabimana akitukana toroli jipya.

Alasiri, kule juu, msafara wa kushuka ulipojipanga na Deo akiwa bado konani, nililitafuta lori la kwanza, nikapanda kando ya dereva bila kungoja kuitwa.