Ukurasa Mtupu wa Fundi Futi

Jumamosi, saa mbili asubuhi, mteja wa kwanza ananyanyua mikono. Fundi Futi anamzungushia futi kiunoni, anatoa penseli nyuma ya sikio, anaandika: thelathini na nne. Vidole vinakwenda haraka, ila macho yanarudi kila mara kwenye droo ya cherehani. Mna bahasha humo, na ina siku kumi na moja haijafunguliwa.

"Nikiigusa nairudisha," anasema. "Mimi, niliyekata nguo za maharusi bila kukosea!"

Ana miaka arobaini na mmoja, ishirini kati ya hiyo akishona, na kila kipimo amekitunza daftarini. Vya mama yake vimo. Vya dada yake pia, inchi baada ya inchi, mpaka mwaka ule dada alipoanguka kwa kiharusi asiinuke tena. Kiuno kilikuwa hamsini na mbili.

"Watu walimsema mlafi hadi msibani," anasema, sauti ikipanda. "Mlafi! Dada yangu alikuwa anainuka mezani na njaa yake, analia. Najua, kwa sababu njaa ile ninayo."

Mwaka jana alikwenda kliniki ya uzito. Daktari alipouliza habari za ukoo, wagonjwa wenzake walikuna vichwa. Yeye alirudi na mfuko wa madaftari. Daktari aliyasoma saa nzima, kisha akaomba damu ya kupima.

Majibu yalimwacha mdomo wazi. Ubongo hutengeneza kichocheo cha kukuza seli zake, na kichocheo hicho husaidia pia kuuambia mwili kwamba umeshiba. Jeni ya kukitengeneza hutofautiana kati ya watu, na fundi amerithi aina inayokitoa kwa uchache.

"Ni kama nguo iliyokatwa finyu," anasema. "Ushone vizuri vipi, itabana."

Daktari alimwonya asitie chumvi: jeni hiyo humsukuma mtu tu, haimburuti, na wapo wengi walio nayo lakini hawakunenepa.

"Aseme yeye," fundi anacheka kidogo. "Mimi nasukumwa tangu darasa la pili."

Bahasha ni ya binti yake wa miaka tisa. Daktari hakuona haraka ya kumpima. Fundi ndiye aliyembembeleza daktari. Sasa majibu yamefika, na ujasiri umeyeyuka.

Binti anaingia kupimwa sare, maana shule inafunguliwa Jumatatu. Mama anamzungushia futi, anaitazama, anaikunja. Haandiki.

"Mama, wote unawaandika. Mimi mbona huniandiki?"

"Kaniletee uzi mweupe kwa jirani, mwanangu."

Mtoto akishatoka, fundi anakaa chini. Tangu msiba ule humkatia nguo kwa kukisia, akiacha akiba ya upana wa vidole vinne kwenye mshono, ili nguo ipanuliwe akinenepa.

"Naogopa," anasema. "Bibi yake ananiambia mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini nikikuta ni jeni ile ile? Nitamtazamaje akiomba kuongezewa chakula?"

Hata hivyo ameamua: Jumatatu jioni yeye na binti watakwenda kwa daktari, bahasha ifunguliwe mbele yake. "Iwe ndiyo, iwe hapana, nyumbani kwangu hakuna atakayemwita mlafi. Njaa yake hatailia peke yake kama dada."

Binti anarudi na uzi. Fundi anampima upya, anafungua ukurasa mtupu, anaandika: ishirini na saba. Kisha anachukua mkasi na kukata kitambaa cha sare. Vidole vinne vya akiba anaviacha palepale.