Trekta Lililoacha Mistari

Nina hasira za karibu, sikatai. Mama husema nimezirithi kwa baba, pamoja na miguu mipana isiyopata viatu dukani. Baba alipopatwa na kiharusi niliiacha cherehani yangu Usagara kwa jirani, nikaenda Muheza kumuuguza, nikijiambia ni wiki mbili tu.

Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge tangu ujana wake. Shamba lilipouza mitambo mikuukuu, alilinunua lile lile alilozeeka nalo, awalimie majirani. Halikumaliza mwezi uani, kiharusi kikampata. Miguu na mikono ilianza kumrudia kidogo kidogo, lakini sauti haikurudi. Akawa anashinda barazani akilitazama trekta lake. Hata kula alikula akilitazama.

Mimi nikaona nisikae bure. Nikatafuta dereva, tukaenda kulima shamba la jirani. Aibu tuliyoipata! Kila trekta lilipozunguka, plau liliacha mkanda wa majani katikati. Jirani akaja, akashika kiuno.

"Mwanangu, nimeomba kulimiwa shamba. Sikuomba kushonewa kitenge cha mistari."

Fundi wa matrekta alipokuja alicheka, kisha akanieleza. Kule kwenye mkonge trekta lilikuwa linavuta tela kwenye miteremko, kwa hiyo matairi ya nyuma yalisogezwa nje lisipinduke. Kwa kulima, yanatakiwa yasogee ndani, tairi moja lipite kwenye mfereji uliokwisha kukatwa na plau lifuate karibu yake. Ringi lenyewe limebonyea upande mmoja, kama sinia. Ukiligeuza, tairi linaingia ndani.

Basi akayageuza, kila moja mahali pake, la kushoto kushoto na la kulia kulia. Baba, pale barazani, akaikunja mikono kifuani, mmoja juu ya mwingine.

"Anasikia baridi," mama akasema, akamfunika kanga.

Saa nne za asubuhi, jua la Muheza, baridi itoke wapi? Baba aliitupa kanga chini, akakunja mikono tena. Tukamletea blanketi.

Siku mbili baadaye mvua ikanyesha, tukaingia shambani. Mara hii trekta halikuacha mkanda, kwa sababu halikwenda kabisa. Matairi yalizunguka papo hapo, udongo ukajaa kwenye kashata zake, yale meno ya mpira, trekta likazama, ikabidi livutwe kurudi uani. Fundi akasema matairi yamechoka, na mapya tusahau. Mama naye akasema yatosha. Mnunuzi wa vyuma chakavu aje Ijumaa baada ya swala.

"Likiondoka, baba atatazama nini?" nikamuuliza.

"Atanitazama mimi," mama akasema, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Niliogopa. Niliona wazi kwamba siku chuma kile kitakapopakiwa, baba ataingia ndani alale, na hatatoka tena.

Ijumaa asubuhi akakunja mikono tena. Nilipomletea blanketi aliupiga mkono wangu, nami nikamfokea baba yangu mzazi: "Sasa unataka nini?" Bado naona haya nikikumbuka. Hakukasirika. Alinishika mikono yote miwili, akainyoosha viganja vikitazama chini, kisha akaipishanisha taratibu, wa kushoto ukaenda kulia, wa kulia ukaenda kushoto. Hakuvigeuza viganja. Halafu akaelekeza kidevu kwenye trekta.

Mimi ni fundi cherehani. Mkono wa kushoto wa shati ukiugeuza ndani nje unakuwa wa kulia. Nilishaharibu vitambaa vya watu kwa kosa hilo nikijifunza. Nikakimbilia uani kutazama kashata. Zilikuwa zimeelekea nyuma, zote! Fundi alikuwa ameyageuza matairi bila kuyabadilisha upande. Na baba alikuwa anatuambia tangu siku ya kwanza, sisi tunamfunika.

Nikamwita fundi mbio, na mnunuzi wa vyuma alilikuta trekta liko juu ya jeki, bila tairi hata moja nyuma. Akadhani tumemwanzia kazi. Nikamwambia avue kanzu atusaidie kusukuma, na mtu wa watu akavua. Tairi zito la kushoto likabingirishwa hadi kulia, uso wa ndani ukibaki ndani, la kulia likaja kushoto. Fundi alikaza nati, masikio yamemshuka. Alipomaliza alikwenda barazani.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

Baba akampa mkono.

Alasiri tukarudi kwenye shamba la jirani, manyunyu yakidondoka. Baba alikataa kubaki. Alikuja kwa mkongojo, hatua moja moja, mama ubavuni. Trekta likauma udongo, likaenda. Likazunguka, likarudi, na mifereji ikakaa bega kwa bega, bila jani katikati. Nililia mbele za watu na sikujali.

Ndipo baba akaikunja mikono kifuani.

Nikapiga kelele, "Simama!" Dereva akazima injini. Fundi akachupa na spana, akaanza kukagua nati, mnunuzi wa vyuma akainama upande wa pili. Wote tulikuwa tunayakodolea macho matairi.

Mama peke yake ndiye aliyemtazama baba. Alivua kanga ya juu, akamfunika mabegani.

"Jamani, leo anasikia baridi kweli."

Na baba, akitetemeka na kucheka, akaivuta kanga hadi shingoni.