Kamba Sita za Tate

Wiki ile darasa langu la tatu lilikuwa likijifunza kupima urefu. Ni somo ninalolipenda kwa sababu halihitaji vitabu, na vitabu hatuna. Siku ya kwanza watoto walipima ukuta kwa hatua na meza yangu kwa shubiri. Kwa huyu meza ilitoka shubiri sita, kwa yule nane, wakaanza kuitana waongo. Nikawaambia hapa hakuna mwongo, ila shubiri isiyo na mwenyewe si kipimo. Ukitaja shubiri, taja na mkono wa nani. Neno hilo nililisema kwa Kiingereza, nikalisema kwa Chichewa, mwishowe nikalipigia kelele kwa Kiswahili, maana hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwalimu anayetaka kueleweka hupita njia zote tatu. Sikudhani kuna aliyesikia.

Nikawaagiza kila mmoja alete kitu ambacho kwao hutumika kupimia. Kesho yake vilikuja vikombe vya unga, vijiti, na mkanda wa suruali ambao baba mtu bila shaka aliutafuta asubuhi nzima. Msichana mmoja alileta kamba sita nyembamba zenye mafundo, kila moja na kitambaa cha rangi yake mwishoni. Analelewa na bibi yake, tate kama tunavyosema sisi wa Uvira, ambaye ana cherehani yake karibu na soko.

Kamba sita, na mimi nina makundi sita! Nilifurahi kama niliyeletewa zawadi. Nikaligawia kila kundi kamba moja, wapime kutoka ncha hadi fundo na fundo hadi fundo, na kuandika pamoja na rangi ya kitambaa. Rula ya mita ninayo moja tu, aliyonichongea seremala wa hapa kambini, ikawa inazunguka darasani. Kundi la nyuma halikuipata, kwa sababu watoto wa zamu ya mchana walikwishaanza kuchungulia mlangoni. Nikawaambia wapime wanavyoweza.

Halafu nikataka tumalize kwa kishindo. Nikaamuru mafundo yafunguliwe na kamba ziunganishwe, tupime jengo zima. Yule msichana akanyoosha mkono. Nikamwambia aushushe. Akaunyoosha tena, nikamwambia aketi, kwa sauti ambayo inanichukiza hadi leo nikiikumbuka. Akaketi. Jengo tukalipima, tukapiga makofi, tukaenda nyumbani.

Alasiri tate alikuja kwangu na mjukuu wake, ile kamba ndefu ameizungusha mkononi. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alinieleza taratibu kwamba yeye hakusoma na namba hazijui. Kila mteja wake ana kamba yake, na kitambaa ndicho kinachomwambia ni ya nani. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni mabega, kutoka hapo hadi la pili ni kifua, kisha kiuno, kisha urefu wa gauni. Zile sita zilikuwa za mama sita wa kwaya ya kanisa moja la mtaa wa Area 49, mjini Lilongwe, waliokuja kusali kambini akawapima siku hiyo hiyo. Magauni yalitakiwa Jumapili. Yakipendeza, kwaya nzima ingeshonewa na yeye. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kutoka mjini, na vitambaa vilikuwa mezani vikingoja mkasi. Kuwapigia simu waje wapimwe upya kungekuwa kumwambia kiongozi wao kwamba fundi aliyesifiwa amepoteza miili ya watu.

"Mwalimu, we njo ulifungulisha mafundo," alisema. "Haukuuliza hata inasema nini."

Angenigombeza ingekuwa afadhali. Nilisema nitakwenda Lilongwe mwenyewe nikaombe radhi, na ilikuwa ahadi ya mtu aliyechanganyikiwa. Ndipo mjukuu, aliyekuwa amesimama nyuma ya bibi yake, akaongea.

"Tuliandika, madamu. Yote iko mu kaye."

Madaftari yale sikuwa nimeyasahihisha, na nakiri sikutarajia kukuta kitu cha maana ndani yake. Hata hivyo tulizunguka nyumba kwa nyumba tukakusanya sita, moja la kila kundi, tukaenda kibarazani kwa tate. Tate akafungua ile kamba ndefu ikawa sita tena, kila moja na kitambaa chake. Mimi nasoma, mjukuu anapima kwa rula, tate anafunga fundo. Kila akifunga, alikuwa anafumba macho kwanza akimkumbuka mwenye mwili. Mara moja tu alikataa: mabega ya kitambaa cha njano yalisomeka sentimita kumi na nne. Akasema yule mama si sindano. Mjukuu akachungulia, akasema mwandishi wa kundi lile hugeuza namba, ni arobaini na moja. Tate akapima hewa kwa mikono yake, akafunga fundo. Kamba tano zikarudi hivyo, na mimi nilikuwa nikiwatazama wale wawili kwa heshima ambayo sikuwa nimewapa tangu mwanzo.

Ikabaki ya kitambaa cha bluu, ya kundi la nyuma lisilopata rula. Nilifungua daftari lao bila matumaini. Walikuwa wameandika, kwa herufi zilizolala upande: fundo la kwanza hadi la pili, shubiri saba na vidole viwili. Chini ya vipimo vyote: mkono wa mdogo anayekaa konani.

Niliisoma mara mbili. Walisikia. Katikati ya kelele zile zote, watoto niliodhani wamesinzia walisikia neno langu na kulitii kuliko nilivyolitii mwenyewe. Nililia kidogo, na tate akajifanya hakuona.

Mjukuu akatumwa kumleta yule mdogo, msichana wa Kirundi ambaye hata kuitika jina darasani hunong'ona. Alikutwa anakula nsima, ugali wa huku, akaja hivyo hivyo, tate akamnawisha. Kisha mtoto akaweka kiganja kwenye kamba na kukitanua kwa nguvu zake zote, ili atufurahishe.

"Usitanue sana," mjukuu alimwambia. "Weka vile uliweka ku classe."

Akalegeza. Shubiri moja, mbili, tatu, polepole, na tate akawa anafunga fundo baada ya fundo hadi la mwisho.

Jumapili mimi na tate tulipanda kabaza, baiskeli za abiria, hadi barabarani, kisha minibasi iliyotupitisha Lumbadzi hadi mjini, magauni yamelala mapajani mwetu. Mama watano walivaa, wakatabasamu. Wa sita, mwenye kitambaa cha bluu, ni mrefu na mnene, na nilipomwona anaingia chumbani kubadili nguo nilitamani kutoka nje. Alitoka amevaa. Akainua mikono kama anayeimba, akageuka, akainama, akainuka; gauni likaenda naye kila alikokwenda. Alisema kwa Chichewa kwamba tangu azaliwe hajawahi kushonewa nguo iliyomjua hivyo, na akamwuliza tate alimpima kwa kitu gani. Nikatafsiri.

Tate Chichewa chake ni zikomo tu, yaani asante. Akainua mkono, akatanua kidole gumba na kidole cha mwisho, akautazama. Kisha akavirudisha vidole karibu, karibu zaidi, hadi shubiri yake ikawa ndogo kama ya mtoto, akamwonyesha.