Kuku Aliyepelekwa Kupimwa Badala Yangu

Mama mkwe wangu alikuwa Mkatoliki wa kweli. Rozari haikutoka shingoni, na mahali pake kanisani hapakukaliwa na mtu mwingine. Hayo hayakumzuia kuamini kuku. Mtu akiugua pale nyumbani, aliletewa kuku mdogo akamtemea mate mdomoni, kisha ndugu mmoja akambeba kuku hadi kwa mfumu, yaani mganga, ambaye alimpasua na kuusoma ugonjwa ndani yake. Mgonjwa mwenyewe alibaki nyumbani amelala. Mimi nilikulia Mwadui, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa almasi, ambako mwenye kuumwa tumbo alipanga foleni na tumbo lake mwenyewe. Nilichelewa sana kuuzoea utaratibu huu.

Niliolewa huko magharibi ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alilima pamba na mpunga, na pombe ya mtama aliinywa kwa bidii ileile. Mtoto wangu wa kwanza alikuja mwezi wa saba wa mimba. Wa pili naye mwezi wa saba. Walizaliwa hai, wakahema kidogo, wakaacha. Sina namna ya kulipamba jambo hilo. Niliposhika mimba ya tatu, kila nilipokwenda chooni nilikwenda kwa hofu.

Kijijini sababu ilikwisha kujulikana. Ilikuwa kerieri ya baiskeli. Mara zote mbili niliwahi kupakiwa, na barabara zetu zina mawe, basi watu waliona hakuna haja ya kutafuta zaidi. Mama mkwe alinipiga marufuku kusogelea baiskeli, hata iliyoegeshwa.

Jumapili moja padri alisoma matangazo. Baada ya kutaja wachumba na kabla ya mkutano wa wakulima wa pamba, alisema zahanati ya misheni imepata darubini. Nesi anawaomba wajawazito waende kupimwa ukeni, hasa waliowahi kuzaa kabla ya wakati, kwa sababu kuna vijidudu vinavyoweza kukaa humo bila kuwasha wala kuuma, na huenda vikachokoza uchungu mapema. Alisoma bila kuinua macho. Wanaume wote walitazama paa. Kanisa halikuwahi kutulia vile, hata Ijumaa Kuu.

Mama mkwe akaamua kwamba kupimwa nitapimwa, ila kwenda sitakwenda. Asubuhi akanishikia tetea mchanga, nikatema mate. Ningeweza kubishana, lakini nilikuwa na mimba ya miezi mitano na sikutaka ugomvi na mtu yeyote, awe hai au wa mbinguni. Akamtia kuku kwapani akaondoka kwa miguu.

Alirudi jua likizama, mikono mitupu, amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alikuwa amemkabidhi nesi kuku, akaketi kwenye benchi kungoja majibu. Nesi yule, mgeni kutoka Bukoba, alipiga magoti kushukuru zawadi, akampeleka kuku jikoni. Mchana mama mkwe aliletewa ugali na paja. Alikula kwanza, maana safari ilimchosha, ndipo akauliza kuku amesemaje.

"Wameula ugonjwa wako," aliniambia. "Na mimi wakanipa paja."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, halafu nikaogopa kwamba nimecheka kupita kiasi, nikanyamaza.

Nesi alipoelewa hakucheka. Alimweleza kwamba darubini yake haioni chochote ndani ya kuku, inaona tone la ute wa mwenye mimba mwenyewe, basi. Mama mkwe alikubali kwa shingo upande. Kwa jinsi alivyoona yeye, kuku akishaulizwa, swali haliwezi kuachwa hewani.

Tukaenda kwa miguu, taratibu, yeye mbele akipiga mawe teke yatoke njiani. Kule zahanati nilipanda kitandani, nesi akaingiza chuma cha baridi na kijiti chenye pamba. Mama mkwe alikataa kutoka. Alisimama kichwani kwangu, akautazama ukuta na kusali. Baadaye nesi alimwita achungulie darubini. Akaziba jicho moja kwa kiganja, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Wanaogelea," alisema. Kisha akauliza, "Ndio hawa waliokula wajukuu wangu?"

Nesi alisema hawezi kuapa. Watoto huja mapema kwa sababu nyingi, na huenda hawa hawakuhusika. Ila dawa ipo, na mume lazima ameze pia, la sivyo atanirudishia. Na wakati wa dozi, pombe hapana.

Mume wangu alijibu kwamba yeye hana mimba. Mama yake alimsimamia kila jioni na kikombe cha maji, akimfunua mdomo kuhakikisha kidonge kimeshuka. Katikati ya dozi akaponyoka, akaenda kunywa kwa jirani. Alitapika nyuma ya ghala hadi akakaa chini. Mama mkwe alimtazama kwa kuridhika kabisa, kwani dawa inayotapisha ndiyo dawa aliyoifahamu tangu utoto. Tangu siku hiyo hakuvitilia shaka vile vidonge.

Tulipimwa tena, nikaambiwa niko safi. Mwezi wa saba ulipoingia niliacha kulala. Nyumba nzima iliongea kwa sauti ya chini, kama vile mtoto angesikia na kutoka. Mwezi ukapita. Wa nane nao ukapita. Wa tisa nililalamika mgongo, mama mkwe akanikataza kulalamika.

Nilizalia zahanati, mchana, mtoto wa kike mwenye mikunjo ya mafuta mapajani. Mama mkwe alimpakata. Mkunga wa zamu, ambaye hakutujua, alimuuliza kama huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Miaka ile yote, watu walipomuuliza habari zangu, mama mkwe alijibu kwamba mke wa mwanawe hajazaa, maana kwao mtoto asiyekaa hahesabiwi. Nililala pale nikingoja aseme ndiyo, ni wa kwanza.

"Wa tatu," alisema. "Wakubwa zake hawakukaa."

Niligeukia ukutani nikawalilia wale wawili kwa sauti, na hakuna aliyeninyamazisha.